Gari Lililovuliwa Kofia

Mtoto wa ndugu yangu ana gari la michezo la milango miwili, mtumba wa Kijapani ulioteremkia Kilindini. Siku hizi ana mazungumzo na fundi mmoja wa kuchomelea, ataka paa lote likatwe ili gari liwe la wazi, alikodishe kwa maharusi. “Ami,” aniambia, “chuma kikipungua gari litakuwa jepesi, na likiwa jepesi litakata kona vizuri zaidi.” Nilimwomba angoje kwanza. Niliyomweleza ndiyo haya, msomaji, maana wanaofikiri kama yeye ni wengi.

Gari la namna yake, lenye paa la kudumu, Wafaransa waliliita coupé, maana yake “lililokatwa”, tangu enzi za magari ya farasi. Sisi tukilitamka twapata kupe, yule mdudu wa ng’ombe. Wallahi si jina baya, kwani gari hilo hung’ang’ania barabara kama kupe, na paa lina sehemu yake katika kung’ang’ania huko.

Chukua boksi la viatu, ulifunike, ukibandike kifuniko kwa gundi pande zote. Lisokote kama ukamuaye nguo: halikubali. Kivue kifuniko, ulisokote tena, utaona lajikunja mkononi. Gari nyingi za leo hazina chesi ya peke yake. Bodi yote ndiyo mfupa, na paa ni mbavu zake. Paa likiondoka, tairi moja ikipanda tuta gari hujisokota, na dereva huona kioo cha mbele na usukani vyatetemeka. Springi na shokamzoba zimepimwa zifanye kazi juu ya kitu kigumu. Kitu hicho kikipinda, tairi hazikanyagi zilivyokusudiwa, na gari huchelewa kumwitikia bwana wake kwenye kona.

Ndiyo sababu mtengenezaji akivua paa hana budi kulipa mahali pengine. Huongeza unene wa vizingiti vya milango, hukingamisha vyuma sakafuni, hutia nguvu nguzo za kioo cha mbele zisije zikalala gari likipinduka. Kisha huja turubai na fito zake, au paa la chuma linalokunjwa kwa mota. Mwisho wa hesabu, gari la wazi huwa zito kuliko nduguye kwa makumi ya kilo, na lile la mota huweza kupita mia.

Mfano maarufu ni Mercedes 300 SL ya Ujerumani. Ilipotoka mwaka 1954 ilikuwa na paa, na fremu yake ya mabomba membamba ilipita juu ubavuni hata mlango wa kawaida haukupata nafasi. Basi milango ikatundikwa darini, ikifunguka kama mbawa. Mwaka 1957 wakataka gari la wazi. Mlango usingeweza tena kuning’inia hewani, kwa hiyo fremu ikashushwa ubavuni na kutiwa nguvu kwingine, na uzito ukapanda. Lakini sikiliza ajabu yake: lile zito la wazi lilikuwa na adabu zaidi barabarani! Gari la mbawa, dereva akiachia mafuta ghafla katikati ya kona, tairi za nyuma zilijikunja ndani na gari likaweza kuzunguka pia. Kwenye la wazi ekseli ya nyuma ilibadilishwa, kiungo chake kikashushwa chini, na tabia ile ikapungua sana. Uzito peke yake, basi, hauamui.

Tena yategemea nani alizaliwa kwanza. MGB ya Uingereza ilitoka wazi mwaka 1962, nguvu zake zikiwa chini tangu mwanzo. Paa lilikuja mwaka 1965, na hapo lenye paa ndilo lililokuwa zito. Lilichelewa kidogo kushika mwendo, ila kwa kuwa lilipasua upepo vizuri zaidi, mbio zake za mwisho zilizidi kwa maili 5 hivi kwa saa.

Mazda MX-5 ya mwaka 1989 nayo ilichorwa wazi tangu karatasini, ikaungwa gea boksi na difu kwa fremu ya aluminiamu, na haikufika tani moja. Fundi wa Lamu hang’oi sitaha ya jahazi akaliita mashua. Mashua huundwa mashua tangu mkuku unapolazwa.

Nilimuuliza kijana, huyo fundi wako atatia nini badala ya paa? Akajibu: bomba moja, nyuma ya viti. Nikamuuliza, na milango ikigoma kufunguka maharusi wakiwa ndani? Akanyamaza.

Bado hajakata. Juzi nilimkuta amechutama kando ya gari, futi kamba mkononi, anapima vizingiti.