Mtu Mwenye Kifua

Aliyewahi kutoa siri ikamrudia kupitia mdomo wa jirani hafundishwi mara mbili. Hujifunga. Ukimjulia hali, ni "salama tu", hata kama usiku kucha hakupata usingizi. Watu humwita mkavu au mwenye majivuno. Mimi, katika kazi yangu ya unasihi, simwoni hivyo. Alijikinga siku aliyoumizwa, na alikuwa na haki. Tatizo ni kwamba kinga ile imebaki, na sasa inamfukuza hata anayemtakia mema.

Atafungukaje tena? Jibu ninaloliamini zaidi linatoka Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi na bibi 14 huko Mbare, jijini Harare. Chumba hakuwa nacho, hivyo mabenchi ya bibi hao kuwasikiliza wenye shida yakawekwa nje. Mwanzoni yaliitwa mabenchi ya afya ya akili, na watu wakayakwepa. Bibi hao ndio walioshauri jina libadilishwe. Yakawa Mabenchi ya Urafiki. Na badala ya sonona, wao husema kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Hilo mtu hulikiri bila kuona haya.

Hatua ya kwanza huitwa kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Mgeni husimulia yanayomlemea, kisha huchagua moja tu la kuanza nalo. Pengine ni kodi ya nyumba. Bibi hamlazimishi kulia wala hamwambii ajikaze. Husikiliza, huuliza, wakakubaliana la kufanya. Akirudi, huulizwa lilikwendaje. Imani hurudi hapo, pale mtu anapoona kwamba alisema na hakuchekwa, wala maneno yake hayakufika sokoni.

Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita, dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 14 hivi ya waliopitia benchi, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo wa mabenchi umefika hadi Zanzibar.

Wewe usiye na benchi, mtafute mtu mmoja mwenye kifua. Usimmwagie yote. Mpe jambo dogo, ambalo hata likivuja hutaumia sana, kisha subiri. Ukilikuta pale pale ulipoliweka, mwongezee.