Sekunde Tatu Zisizopimika

Mwaka 1998 Bill Polian, kiongozi wa Indianapolis Colts, timu ya futiboli ya Kimarekani, alikuwa na haki ya kuchagua mchezaji wa kwanza kabla ya timu nyingine zote, na mbele yake walikuwepo vijana wawili: Peyton Manning wa Tennessee na Ryan Leaf wa Washington State. Leo swali la amchukue nani linachekesha. Mwaka ule halikumchekesha mtu. Leaf alikuwa na mkono wenye nguvu zaidi na umbo la kupendeza, na wapo wajuzi wa kuheshimika waliosema wazi kwamba wangemchukua yeye. Polian akamchukua Manning, ambaye alikuja kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara 5 na ubingwa mara 2. Leaf alikwenda San Diego Chargers. Katika mechi yake ya tatu, dhidi ya Kansas City, alirusha pasi 15, ikafika 1, tena kwa faida ya yadi 4. Hadi anaondoka ligini alikuwa na pasi 14 za mabao na 36 zilizonaswa na wapinzani.

Miaka 20 baadaye, Polian akiwa sasa mchambuzi wa televisheni, liliibuka jina la Lamar Jackson wa Louisville. Polian alisema kijana huyo ahamie nafasi ya mpokeaji, kwa kuwa ukwotabeki, kazi ya kurusha pasi, haumfai. Jackson alikataa kuhama. Mwaka 2019 akawa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote, akaipata tena tuzo hiyo mwaka 2023, na Polian mwenyewe alikiri hadharani kwamba alipotea. Huyu si mtu wa kubahatisha. Aliingizwa katika Jumba la Umaarufu la mchezo huo mwaka 2015. Macho ni yaleyale yaliyomwona Manning, na uzoefu ulikuwa umeongezeka kwa miongo miwili. Ndiyo maana huwa sishawishiki nikiambiwa kwamba fulani ana jicho la kutambua vipaji.

Kwa asiyefuatilia futiboli ya Kimarekani: ligi yao, NFL, ina timu 32, na kila Aprili timu hizo hugawana vijana wanaotoka vyuo vikuu. Uteuzi huo huenda kwa raundi 7, iliyoshika mkia msimu uliopita ikianza. Kijana hana sauti. Timu iliyomtaja ndiyo yake. Nafasi inayogombewa kuliko zote ni ya kwotabeki, anayeupokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua uende wapi. Katika kandanda straika akiwa na siku mbaya, timu yaweza kuponea kwenye kona. Kwotabeki akiwa na siku mbaya, hakuna pa kumficha.

Tazama shambulizi moja kwa karibu. Wachezaji wamejipanga, 11 kwa 11. Kwotabeki amesimama hatua chache nyuma ya mstari, anawatazama mabeki wawili wa mwisho. Mmoja amesogea kidogo kulia. Anakuja kumvamia, au anamzuga? Mashabiki wa wenyeji wanapiga kelele makusudi ili asisikike, na saa inayompangia muda wa kuanza inayoyoma. Anabadilisha mpango kwa ishara ya mkono. Mpira unamfikia. Yule beki anarudi katikati. Kumbe alikuwa anazuga. Mpokeaji wa kwanza amebanwa, wa pili bado hajageuka, na upande wa kushoto jitu la kilo 120 limeshampita mlinzi aliyepaswa kulizuia. Inabidi aachie mpira sasa hivi, aupeleke mahali ambapo mpokeaji hajafika bado, upite juu ya mkono wa beki mmoja na mbele ya kifua cha mwingine. Tangu aupokee hazijatimia sekunde 3.

Chuoni mambo hayo hayatokei mara nyingi. Katika vyuo vyenye majina makubwa, wapokeaji wana kasi kuliko mabeki wanaokutana nao karibu kila Jumamosi, na walinzi wa mbele wanawazidi wapinzani kwa nguvu. Kwotabeki husimama raha mustarehe, akamwona mwenzake yuko peke yake, akampa. Katika NFL, mpokeaji anayehesabiwa kuwa wazi amemtangulia beki kwa nusu hatua. Skauti, msaka vipaji wa timu, anaweza kutazama mechi 30 za kijana wa chuo na kuambulia mashambulizi machache tu yanayofanana na kazi anayokwenda kufanya. Na kijana wa chuo kidogo naye ana utata wake. Josh Allen alitoka Wyoming, ambako pasi zake zilizofika zilikuwa kama 56 kwa kila 100, kiwango cha kutisha kwa mtu anayetakiwa raundi ya kwanza. Je, ni mkono wake usiolenga, au ni wapokeaji wasiodaka na walinzi wasiolinda? Takwimu ni ya timu nzima, lakini huandikwa kwa jina la mtu mmoja.

Buffalo Bills walimchukua Allen namba 7 mwaka 2018. Msimu wake wa kwanza ulielekea kuwapa haki waliombeza. Mwaka 2020 pasi zake zilifika 69 kwa kila 100, na mwaka 2024 akawa mchezaji bora wa ligi. Waliosema kwamba ulengaji haufundishiki hawakuwa wajinga. Kwa wengi haujafundishika. Uteuzi wa mwaka huohuo ulikuwa na makwotabeki 5 raundi ya kwanza. Baker Mayfield, wa kwanza kabisa, alitupwa na timu yake akaja kufufukia Tampa Bay. Sam Darnold, namba 3, alizunguka timu tatu kabla ya kuiongoza Minnesota kushinda mechi 14 mwaka 2024. Josh Rosen, namba 10, aliuzwa baada ya msimu mmoja. Jackson alikuwa wa 32, na hapa pana jambo linalonifurahisha: Baltimore Ravens waliomchukua walikuwa na nafasi ya 25 jioni ileile, wakaitumia kwa mchezaji mwingine, ndipo wakarudi kumnunulia Jackson nafasi ya mwisho ya raundi. Hata waliomwamini hawakumwamini kiasi hicho.

Basi maskauti hufanya nini? Hupima. Kila mwaka kabla ya uteuzi, vijana huitwa Indianapolis wakapimwa urefu, uzito, mbio za yadi 40, na kiganja kikiwa kimetandazwa, kuanzia ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Joe Burrow alipimwa inchi 9, ikaonekana ni kiganja kidogo. Mwenyewe akatania mtandaoni kwamba anafikiria kustaafu. Miaka miwili baadaye alikuwa kwenye Super Bowl, fainali ya ligi. Tom Brady alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, mwendo wa mtu anayewahi daladala bila haraka, akachaguliwa wa 199 mwaka 2000 baada ya makwotabeki wengine 6. Alistaafu na ubingwa mara 7.

Walijaribu kupima akili pia. Kwa miaka mingi vijana walipewa mtihani wa maswali 50 kwa dakika 12, hadi ukaondolewa mwaka 2022. Ulikuwepo pia wa kompyuta, unaodai kupima kasi ya ubongo kuona na kuamua. Mwaka 2023 alama za mtihani huo zilivuja, zikamwonyesha C.J. Stroud yuko chini mno na Bryce Young yuko juu. Carolina Panthers, waliokwisha kulipa bei kubwa kupanda hadi nafasi ya kwanza, wakamtwaa Young. Stroud alikwenda Houston akawa mshambuliaji chipukizi bora wa mwaka, huku Young akishinda mechi 2 msimu mzima. Sisemi mtihani hauna maana. Nasema kati ya kubonyeza kitufe chumbani na kumsoma beki anayezuga, umbali ni mrefu, na anayenunua huusahau kwa sababu kitufe kina alama na beki hana. Mnunuzi wa tikiti sokoni naye huligonga kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kama fundi, halafu utamu akaujulia nyumbani.

Lakini upimaji mbovu ni nusu tu ya tatizo, tena nusu ndogo. Tunazungumza kana kwamba ukwotabeki umo tayari ndani ya kijana, kazi ni kuuchungulia. Mimi nadhani sehemu kubwa haimo bado. Hutengenezwa, au huharibiwa, baada ya siku ya uteuzi.

David Carr alichaguliwa wa kwanza mwaka 2002 na Houston Texans, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imeanzishwa na isiyo na walinzi wa maana. Aliangushwa na mpira mkononi mara 76 msimu huo, rekodi ya ligi. Mtu akiangushwa hivyo huanza kuwatazama wanaomjia badala ya kuwatazama wapokeaji, na tabia hiyo haitoki kirahisi. Je, Carr alikuwa kwotabeki mbovu? Hakuna atakayejua, wala Carr mwenyewe. Mwaka 2005 San Francisco 49ers walimchagua Alex Smith wa kwanza, na Aaron Rodgers akakaa akisubiri hadi namba 24. Smith alibadilishiwa kocha wa mashambulizi karibu kila mwaka, na kila kocha alikuja na lugha yake na mipango yake. Rodgers alisugua benchi Green Bay miaka 3 nyuma ya Brett Favre, akijifunza bila kuvunjwa mbavu. Watu husema 49ers walichagua vibaya. Huenda. Ila anayesema hivyo anadhani Rodgers angekuwa Rodgers hata katika kile kimbunga cha San Francisco, na hilo halina ushahidi.

Na hata Manning: msimu wake wa kwanza pasi zake 28 zilinaswa, na Colts walishinda mechi 3 kati ya 16. Aliachwa aendelee.

Upo upande mwingine wa hesabu ambao hatuuoni kabisa, nao ni wa wale wasiopewa nafasi ya kucheza. Brady aliingia uwanjani mwaka 2001 kwa sababu Drew Bledsoe aliumia. Brock Purdy alikuwa wa 262 mwaka 2022, wa mwisho katika uteuzi mzima. 49ers walikuwa wametoa nafasi tatu za raundi ya kwanza ili kumpata Trey Lance mwaka uliotangulia. Lance akavunjika kifundo cha mguu, Jimmy Garoppolo akaumia mguu, ndipo Purdy akapewa mpira, na Februari 2024 alikuwa kwenye Super Bowl. Tunawahesabu makwotabeki wa raundi za mwisho waliofaulu tukasema ni wachache. Ni wachache kati ya waliojaribiwa, na waliojaribiwa walihitaji mwenzao avunjike kwanza. Wa raundi ya kwanza mara nyingi hupewa misimu kadhaa hata akiboronga, maana aliyemchagua analinda kibarua chake.

Wachumi Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili akija kupata Nobel mwaka 2017, waliupitia uteuzi wa NFL kwa miaka mingi ya takwimu. Waligundua kwamba mchezaji anayechaguliwa humzidi anayefuata katika nafasi yake kwa uwezekano unaopita kidogo tu ule wa kurusha shilingi, ilhali timu hulipana kupanda ngazi kana kwamba zina hakika. Mkataba wa ligi wa mwaka 2011 ulipunguza maumivu. Sam Bradford, wa kwanza mwaka 2010, aliahidiwa dola milioni 50 zisizorudi; Cam Newton, wa kwanza mwaka uliofuata, mkataba wake wote ulikuwa kama milioni 22. Gharama ya pesa ikashuka. Ya kutoa nafasi za miaka ijayo haijashuka.

Washington waliilipa gharama hiyo mwaka 2012: nafasi tatu za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya pili, ili wamchukue Robert Griffin III namba 2. Kisha katika raundi ya nne wakamchagua kwotabeki mwingine, Kirk Cousins, namba 102, na watu wakawacheka sana. Griffin alikuwa mshambuliaji chipukizi bora mwaka huo, halafu goti likamwangusha Januari 2013 na hakurudi alivyokuwa. Cousins ndiye aliyeibeba timu kuanzia 2015. Seattle Seahawks nao, mwaka huohuo wa 2012, walikuwa wamemsajili Matt Flynn kutoka Green Bay mwezi Machi, ajira ikaonekana imejazwa. Mwezi uliofuata wakamchukua Russell Wilson, asiyefika hata futi 6, namba 75. Kocha Pete Carroll aliwaacha washindane mazoezini na katika mechi za kirafiki, kisha akampanga chipukizi wa raundi ya tatu, na Flynn mwenye mkataba mnono akakaa benchi. Seattle wakawa mabingwa Februari 2014.