Kipimo cha damu kwa mgonjwa mahututi si hukumu ya kifo

Ndugu msomaji, mgonjwa anapolazwa akiwa mahututi, jamaa zake huwa na swali moja tu: je, atapona? Miongoni mwa vipimo vinavyowasaidia madaktari kukisia hali yake ni kile cha lakteti katika damu.

Lakteti hutengenezwa na mwili kila siku, hasa misuli inapofanya kazi nzito, na ini ndilo huiondoa kwa wingi. Kwa mtu mzima wa afya aliyetulia, kiwango chake huwa chini ya milimoli 2 kwa lita. Hupanda pale viungo vinapokosa damu na oksijeni ya kutosha, au ini linapolemewa. Hali hii hutokea katika maambukizi makali yaliyoenea mwilini, katika kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na katika malaria kali.

Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa kimataifa lilieleza kuwa mgonjwa wa maambukizi ambaye presha yake haisimami bila dawa, na lakteti yake imezidi 2 ingawa ameongezewa maji ya kutosha, yumo hatarini sana. Zaidi ya wagonjwa 40 katika kila 100 wa aina hiyo hufariki hospitalini.

Hata hivyo, wengi wengine hutoka wazima. Ndiyo maana madaktari hurudia kipimo baada ya saa chache. Lakteti ikishuka, ni dalili njema. Isiposhuka, hutafuta sababu na kuangalia upya matibabu. Basi haifai jamaa kusikia "kipimo kibaya" wakamwondoa mgonjwa wodini ili akafie nyumbani. Muulizeni daktari: kipimo cha pili kimeonyesha nini?

Si kila hospitali ina kipimo hiki, lakini dalili za hatari huonekana hata nyumbani: kupumua haraka, kuchanganyikiwa, mikono na miguu kuwa baridi, mkojo kupungua, au mtoto kushindwa kunyonya. Mwenye dalili hizi awahishwe hospitali saa hiyo hiyo, asisubiri asubuhi.

Elimu ya ajali ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba. Tumuombee mgonjwa dua, na matibabu yaendelee.

Wabillahi tawfiq.