Gari la turbo: Kwa nini oili na breki hutangulia nguvu

WENGI wa wamiliki wa magari yenye turbo mjini Thika na Ruiru huanza kuyaboresha kwa kifaa kile kile: bomba la moshi. Gari hununuliwa, na kabla ya mwezi kwisha bomba pana limefungwa, mngurumo unasikika mtaa wa pili, na mwenyewe anaamini kwamba nguvu zimeongezeka. Pesa zikipatikana tena, presha ya turbo hupandishwa. Breki, matairi na mfumo wa kupoza injini husalia jinsi vilivyokuwa siku gari liliposhuka melini.

Utaratibu huo umepinduka, na gharama yake huonekana baadaye, fundi anapoifungua injini na kukuta pistoni imepasuka.

Mapenzi ya magari haya nchini Kenya hayakuzuka jana. Mnamo 1997 marehemu Colin McRae alishinda mashindano ya Safari Rally akiwa na Subaru Impreza, na mwaka wa 2000 Richard Burns akarudia ushindi huo kwa gari la aina hiyo hiyo. Vijana walioshuhudia magari hayo yakitimua vumbi walikua wakaingia sokoni, na soko la magari yaliyotumika Japani likawapa Impreza, Legacy na Forester kwa bei waliyoweza kuimudu. Kisha mnamo Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua rasmi barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa takriban kilomita 50 na, katika baadhi ya sehemu, safu nane za magari. Mkazi wa Ruiru akapata barabara pana mlangoni pake.

Lakini Forester ya turbo inayouzwa leo ni gari lililokwisha kupita mikono kadhaa. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi umri wa miaka minane, hivyo magari ya turbo ya miaka ya 2000 yaliyopo barabarani yamekuwa humu nchini kwa muda mrefu. Kila mwenyeji alikuwa na oili yake, fundi wake na siri zake. Anayenunua gari kama hilo hununua pia historia asiyoijua, na kwa sababu hiyo shilingi ya kwanza yapasa itumike kuichunguza historia hiyo.

Kipimo cha kwanza ni cha mgandamizo wa silinda. Fundi hutoa plagi, huweka geji mahali pake na kuizungusha injini kwa stata. Jambo la kutazama zaidi ni kama silinda zote nne zinakaribiana. Moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, kuna ringi, vali au gasketi iliyochoka. Injini yenye kasoro hiyo haifai kuongezwa chochote hadi irekebishwe. Mkanda wa taimingi nao huulizwa umri wake. Katika injini ya Subaru ya turbo, mkanda huo ukikatika gari likienda, pistoni hukutana na vali, na injini nzima yaweza kuharibika kwa sekunde chache.

Oili inastahili aya yake. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukiwa umeelea juu ya utando mwembamba wa oili, huku upande mmoja ukichomwa na moshi wa injini. Oili ikichafuka au ikipungua, mhimili huo husagika. Katika baadhi ya injini za Subaru kuna kichujio kidogo sana ndani ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Kikiziba, turbo hufa kwa kiu ingawa kijiti cha kupimia kinaonyesha oili imejaa. Kubadilisha oili bora kila baada ya kilomita 5,000 ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na kununua turbo nyingine. Hakuna anayejisifu kwa marafiki kwamba amebadilisha oili, na pengine hiyo ndiyo sababu kazi hii husahaulika.

Baada ya afya ya injini, zamu ni ya breki na matairi. Hapa hesabu ni rahisi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, likiwa na matairi mazuri kwenye lami kavu, na dereva akitumia sekunde moja kutambua hatari, husimama baada ya mita 54 hivi. Kwa kilomita 110, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho sheria humruhusu dereva wa gari dogo nchini, huhitaji takriban mita 90. Kwa kilomita 140 huhitaji mita 135, yaani urefu unaozidi uwanja wa kandanda. Kwenye barabara ya Thika kuna matatu zinazosimama ghafla kubeba abiria, na kuna watu wanaovuka kwa miguu wakiyaacha madaraja ya juu. Mita hizo si za vitabuni.

Pedi bora, mafuta mapya ya breki na diski zisizopinda huja kabla ya turbo kuguswa. Matairi hukaguliwa umri pia, si meno tu. Ubavuni pa tairi pana tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki lilipotengenezwa na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2315 lilitoka kiwandani katika wiki ya 23 ya mwaka wa 2015, na hata likiwa na meno ya kutosha mpira wake umekwisha kukauka.

Ndipo yaja masuala ya nguvu zenyewe, na hapa mazingira ya Thika na Ruiru yana mchango wake. Miji hiyo iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo shinikizo la hewa ni kama asilimia 84 ya lile la Mombasa. Injini ya kawaida hupoteza nguvu kwa kiasi hicho. Turbo huweza kulifidia pengo, ila kwa kufanya kazi zaidi. Turbo inayoikandamiza hewa ya Mombasa mara mbili hulazimika kuikandamiza hewa ya Thika mara 2.4 hivi ili injini ipate kiasi kile kile. Kadiri hewa inavyokandamizwa ndivyo inavyopata joto, na turbo ndogo kama ile TD04 iliyofungwa kwenye Forester nyingi huwa tayari iko karibu na upeo wake.

Joto hilo hukutana na tatizo la pili, petroli. Magari haya yalipangwa kiwandani kutumia petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo viwango vya nchi hiyo vinataka iwe na okteni isiyopungua 96. Super ya kawaida katika vituo vya Kenya iko chini ya hapo. Okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili joto na shinikizo bila kulipuka yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia. Mlipuko huo wa mapema ndio mafundi huuita kugonga kwa injini. Kompyuta ya gari huusikia kupitia sensa na kuchelewesha cheche ili kuilinda injini. Kwa hivyo gari la Japani likitumia petroli ya hapa, huenda tayari limetumia sehemu ya akiba yake ya usalama hata kabla ya mwenyewe kugusa lolote. Anayepandisha presha kwa kizibo cha mkono humaliza akiba iliyobaki, na kingo nyembamba zinazoshika ringi za pistoni ndizo hupasuka kwanza.

Kompyuta hiyo ina ulinzi mwingine: presha ikizidi kiasi, hukata mafuta na gari hushtuka. Kuna vifaa vinavyouzwa ili kuidanganya isione presha hiyo. Anayevifunga amemfumba macho mlinzi wake.

Kwa hivyo kabla ya bomba la moshi hufungwa geji ya presha ya turbo na, ikiwezekana, kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta. Bila hivyo mwenye gari hubahatisha. Baada yake bomba pana lina faida ya kweli, kwa kuwa moshi hutoka kwa urahisi na turbo huamka mapema. Tatizo ni kwamba njia ikiwa wazi mno presha yaweza kupanda kupita ile iliyokusudiwa, kwa sababu mlango mdogo unaopunguza moshi unaoingia kwenye turbo hushindwa kuudhibiti. Bomba na kurekebishwa kwa programu ya kompyuta ni kazi moja. Hazipaswi kutenganishwa na miezi sita ya kutafuta pesa. Marekebisho hayo yafanywe kwa petroli ambayo gari litatumia kila siku, na yapimwe juu ya mashine ya kupimia nguvu. Barabara ya umma si maabara.

Vali inayopuliza hewa nje kwa sauti ya "pshhh" kila gia inapobadilishwa haiongezi nguvu. Kwenye magari ambayo kompyuta hupima hewa inayoingia, hewa inayotupwa nje imekwisha kuhesabiwa, hivyo mafuta huzidi kwa muda na plagi huchafuka.

Hatua inayofuata ni kipoza hewa. Katika Subaru nyingi kiko juu ya injini, chini ya tundu la boneti, nacho hufanya kazi vizuri gari likienda. Likikwama kwenye msongamano wa Githurai jioni, joto la injini hukipasha chenyewe. Kikubwa zaidi kilichowekwa mbele ya rejeta husaidia, ijapokuwa mabomba yake marefu huchelewesha kidogo mwitikio wa gari. Pampu ya petroli na injekta kubwa hufuata, kwani hewa zaidi bila mafuta zaidi huyeyusha pistoni.

Turbo kubwa huwa mwisho, na wengi hawaihitaji. Huanza kusukuma ikiwa imechelewa, klachi ya kiwandani huteleza, giaboksi hulemewa, na mara nyingi pistoni imara zaidi huhitajika. Kufikia hapo mwenyewe ametumia fedha ambazo zingemnunulia gari jingine lenye nguvu hizo tangu kiwandani.

Kuna pia karatasi za kushughulikia. Injini ikibadilishwa, nambari mpya lazima isajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA). Kanuni za mazingira za 2009 zinadhibiti kelele, na bomba lisilo na kizuia sauti humpa polisi sababu ya kumsimamisha dereva. Kampuni ya bima nayo huarifiwa kwa maandishi kabla ya marekebisho kufanywa, kwa sababu ikiyagundua baada ya ajali, fidia ya gari lenyewe yaweza kukataliwa.