Dekapotabli: mchezo wa ordinateri unaonyesha kwa nini paa ya gari si kofia

Tarehe 29 Juni 1960, siku moja mbele ya uhuru, mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipita mu barabara za Léopoldville, leo Kinshasa, akiwa amesimama ndani ya gari yenye haina paa. Mutu mmoja, Ambroise Boimbo, alifika pembeni ya gari, akanyakua upanga wa mfalme na kukimbia nao. Mpiga picha Mjerumani Robert Lebeck alikamata ile dakika, na picha yake ikazunguka dunia. Wengi wetu tumeiona mu vitabu ama ku telefone.

Kila mutu anaangalia upanga. Leo tuombe muangalie gari. Gari ile ilifanya kazi yenye iliombwa: mfalme aonekane. Lakini kitu chenye kinafanya mutu aonekane vizuri, njo kile kile kinamuacha bila ukuta. Gari ya namna ile, yenye paa inafunguka ama haiko kabisa, tunaiita kwa Kifaransa dekapotabli. Kuitengeneza ni kazi ngumu kuliko vile inaonekana. Kuna mchezo wa ordinateri wenye unaonyesha ugumu ule vizuri sana, na somo lake linafika mpaka ku magaraje ya kwetu.

Ni mchezo gani?

Unaitwa Automation. Umetengenezwa na kampuni Camshaft Software ya New Zealand, na tangu mwaka 2015 unapatikana ku Steam, ile duka kubwa ya michezo ya ordinateri ku intaneti. Si mchezo wa mashindano ya mbio. Hapa wewe ni mkubwa wa kiwanda cha magari. Unaanza mwaka 1946 na unaweza kufika 2020, na kila mwaka wenye unapita unafungua vyuma na ufundi mupya.

Unachagua shasi na aina ya chuma. Unachagua susupansio. Unatengeneza motere: silinda ngapi, upana gani, mafuta inaingia namna gani. Kisha unachukua karoseri na kuivuta kwa mausi, sawa mfinyanzi anavuta udongo: kapoti ndefu, mgongo mfupi, mlango mpana. Mwisho unapachika taa, vioo, vishikio. Kila kitu unagusa, namba zinabadilika: bei ya kuitengeneza, uzito, usalama, starehe, namna gari inashika barabara.

Mu orodha ya karoseri, ya milango minne iko, ya mizigo iko, na dekapotabli iko pia. Mchezaji mupya anaifungua akiwa na furaha, anawaza: nimetoa paa, basi gari itakuwa nyepesi, itakimbia zaidi, na itagharimu kidogo. Mambo yote matatu, mara nyingi ni kinyume.

Kartoni ya viatu

Chukua kartoni ya viatu yenye kifuniko chake. Funga kifuniko na ukikamatishe vizuri kwa skoch. Kamata kartoni kwa mikono miwili, ncha moja huku, ncha ingine kule, na jaribu kuikamua kama vile unakamua nguo yenye maji. Inakataa. Sasa toa kifuniko na ufanye vile vile. Kartoni inajipinda bila shida.

Gari nyingi za leo zimejengwa sawa ile kartoni. Hazina shasi ya peke yake chini. Sakafu, nguzo za milango, paa na tole za pembeni zimesudewa pamoja, zinakuwa mwili mmoja, na kila kipande kinabeba sehemu ya uzito. Paa si kofia yenye mutu anavaa na kuvua. Paa ni mfupa.

Tena, gari haisukumwi tu kutoka mbele ama nyuma. Inakamuliwa. Mpira wa kushoto ukiingia mu shimo wakati wa kuume uko juu ya jiwe, mbele ya gari inataka kwenda upande huu na nyuma upande ule. Ku lami nzuri jambo hilo linatokea mara moja moja. Ku barabara zetu za kwenda mu teritware, linatokea kila mita.

Kwa hiyo fundi mwenye anatoa paa analazimika kurudisha nguvu ile fasi ingine. Anaongeza chuma kizito chini ya milango, anapitisha vyuma vya msalaba chini ya sakafu, anaweka mabomba magumu ndani ya nguzo za parebrizi. Njo maana dekapotabli mara nyingi ni nzito kuliko ndugu yake yenye paa. Mfano wa kweli: Porsche 911 Carrera S yenye ilitoka mwisho wa 2018 ina kilo 1.515. Ile ya paa kufunguka ina kilo 1.585. Wametoa paa ya chuma, gari ikaongeza kilo 70.

Shasi njo inaamua

Mu mchezo unaombwa kuchagua shasi, na ile chaguo ndiyo inaamua kama dekapotabli yako itakuwa gari ao itakuwa kartoni wazi.

Shasi ya zamani ni ya ngazi: vyuma viwili virefu na vingine vya kukatisha katikati, na karoseri inakaa juu kwa buloni. Hapa nguvu iko chini. Kutoa paa hakuharibu sana, juu paa haikuwa inabeba kitu kikubwa. Ndiyo sababu magari ya kwanza ya dunia mengi yalikuwa wazi, na magari ya kijeshi ya zamani yalikuwa na turubai tu. Mwaka 1953 Wamarekani walitoa Chevrolet Corvette ya kwanza: viti viwili, paa ya kitambaa, karoseri ya fibaglasi yenye haibebi gari, na chini shasi ya chuma. Mwaka ule walitengeneza 300 tu. Mu mchezo, mwenye anajenga mu miaka ile anaweza kufuata njia hiyo na akafaulu na pesa kidogo.

Shida ya ngazi ni uzito, na starehe haiko nyingi. Mchezo unakusukuma polepole kwenda ku mwili mmoja, wenye ni mwepesi na salama zaidi. Pale njo kutoa paa kunaanza kugharimu.

Njia ya tatu ni ya matajiri. Ukijenga sehemu ya chini, fasi watu wanakaa, kwa nyuzi za kaboni, inakuwa ngumu sawa beseni ya mawe. Kampuni McLaren ya Uingereza ilionyesha hilo mwaka 2012 na gari yake 12C Spider. Beseni yake haikuhitaji kuongezewa nguvu. Uzito ulipanda kilo 40 hivi, na hizo zilikuwa za paa yenyewe na mashini ya kuikunja. Mu mchezo pia unaweza kuchagua kaboni. Kisha angalia namba ya bei, na ujiulize nani atanunua.

Na paa inaenda wapi?

Hili ni swali lenye wanaoanza wanalisahau. Paa ikifunguka haipotei. Inahitaji fasi.

Kitambaa kinakunjwa nyuma ya viti, kinakula fasi kidogo. Lakini baridi inaingia, kelele inaingia, na mwizi mwenye wembe anaingia pia. Paa ya chuma yenye inajikunja ni nzuri zaidi mvua ikinyesha, lakini inakula sehemu kubwa ya kofri. Wazo hilo si la leo. Mfaransa Georges Paulin, mwenye alikuwa daktari wa meno, aliliwaza, na mwaka 1934 Peugeot ikatoa 401 Éclipse, yenye paa yake ya chuma ilikuwa inaingia ndani ya kofri. Ford ya Marekani ilijaribu pia na Skyliner kati ya 1957 na 1959: paa ilikuwa kubwa sana mpaka kipande chake cha mbele kilikuwa kinakunjwa. Baadaye Mercedes ilirudisha wazo na SLK mwaka 1996, na Peugeot na 206 CC mwaka 2000.

Kwa mchezaji, maana yake ni hii: ukichora mgongo wa gari ukiwa mwembamba na mzuri, jiulize paa italala wapi. Kama hakuna fasi, umechora picha, haujachora gari.

Gari ikipinduka

Hapa mchezo unaacha kuwa mchezo. Gari yenye paa ikipinduka, nguzo na paa vinabeba uzito ili kichwa cha mutu kisibebe. Dekapotabli iko na nguzo mbili tu za parebrizi.

Mu miaka ya 1970, viwanda vya Marekani viliogopa kwamba serikali itaweka sheria kali juu ya magari yenye kupinduka, na vingi vikaacha kutengeneza dekapotabli. Mwaka 1976 Cadillac iliuza Eldorado yake ikisema ni ya mwisho. Sheria ile haikukuja, na miaka sita nyuma, 1982, Chrysler ikazirudisha. Lakini woga ule ulikuwa na sababu, na mafundi walikuwa wamekwisha kutafuta jibu. Porsche ilionyesha Targa mwaka 1965, yenye upinde mkubwa wa chuma nyuma ya vichwa vya watu. Mercedes, mwaka 1989, iliweka ku SL upinde wenye unalala chini na kuruka juu wenyewe gari ikianza kupinduka.

Tangu 2018, gari yenye umetengeneza mu Automation unaweza kuipeleka mu mchezo mwingine, BeamNG.drive, wa kampuni ya Bremen mu Ujerumani. Kule gari inahesabiwa kama mamia ya alama zenye zimeungwa na nyuzi, na ukiigonga ku ukuta, tole inajikunja sehemu kwa sehemu. Vijana wanapenda kuangusha magari ku milima. Sawa. Lakini ile hesabu si mtihani wa usalama. Inakusaidia kuelewa wazo. Haikupi ruhusa ya kukata gari ya kweli.

Mu garaje ya kwetu

Ninasema hivyo kwa sababu moja. Miaka kadhaa nyuma, mu mtaa wenye ninaishi, mwenye jeep moja ndogo aliomba fundi wa kusude amukatie paa. Alitaka kuikodisha ku ndoa, bibi-arusi asimame, watu wapige picha. Kazi ilimalizika kwa siku mbili. Jeep ilipakwa rangi nyeupe na ilipendeza kweli.

Kisha wiki chache, milango ilianza kukataa. Watu wanne wakipanda, mlango wa kushoto haufungi, wakishuka, unafunga. Baadaye parebrizi ikapasuka kuanzia ku kona, bila jiwe. Nilimuuliza fundi. Akanijibu: «Miye nilikataka tu ya juu, kaka. Ku chini sikugusaka kitu.»

Alisema kweli. Na njo pale kosa lilikuwa. Jeep ile ilikuwa ya mwili mmoja. Ya juu njo ilikuwa inashika ya chini. Bahati, hakuna mutu aliumia. Mwenyewe aliiuza vipande vipande.

Kama unafikiria kukata gari, ama mtu wako anafikiria, kumbukeni haya:

- Lala chini uangalie. Ukiona vyuma viwili virefu vyenye vinatoka mbele mpaka nyuma, na karoseri imekaa juu kwa buloni, ile ni ngazi. Ukiona tole tu yenye imekunjwa na kusudewa ku sakafu, ile ni mwili mmoja: usikate.
- Angalia mukanda wa usalama unashikiliwa wapi. Ku magari mengi ule wa bega umefungwa ku nguzo ya katikati. Nguzo ikienda, mukanda umeenda.
- Magari mengine yana ballon za usalama ndani ya ukingo wa paa. Ziko na baruti. Kuzikata kwa moto ni hatari kwa fundi mwenyewe.
- Hata gari ya ngazi, ukitoa paa, haina tena kinga ya kupinduka. Ku barabara ya mlima, weka upinde wa chuma wenye nguvu na usisimamishe mutu ndani gari ikitembea mbio.
- Ukinunua gari yenye ilikwisha kukatwa, weka mpira mmoja juu ya jiwe na ufungue milango. Kama inakwama, mwili wake unajipinda.

Kwa vijana wenye wako na ordinateri na wanapenda magari, mchezeni. Kateni paa mara mia, angalieni namba, anzeni upya. Pale kosa haliui mutu. Na kwa mwenye hana ordinateri, kartoni ya viatu inatosha. Mupelekee fundi wako, mukamue pamoja, mbele hajawasha moto.