Mteja wa gari la zamani akikuulizia oili, usimtumie bei kwanza

Nina duka dogo la oili na spea hapa Kibeta, Bukoba, na mauzo yangu mengi yanapitia status ya WhatsApp. Sijasomea ufundi, niliishia kidato cha nne. Haya nimeyajua kwa kusoma migongo ya galoni, kukaa gereji, na kuharibu.

Kuharibu kwenyewe kulikuwa hivi. Mzee mmoja wa Kamachumu, kule Muleba, aliona picha zangu akapiga simu. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Kijana wangu, nina Land Rover 109 ya petroli, nitumie ile oili nzuri kuliko zote." Mi nikasikia hayo maneno ya mwisho tu. Nikachukua galoni mbili za lita nne za 5W-30 sintetiki, ghali kuliko zote dukani, nikapakia kwenye gari. Shilingi 170,000 ikaingia kwenye simu, nikafurahi.

Baada ya wiki akapiga tena. Injini ikipata moto, akisimama taa ya oili inawaka, na chini ya gari panalowa. Hakunifokea, aliniuliza tu, "Sasa mwanangu, tufanyeje?" Nilirudisha hela yote na kumtumia 20W-50 kwa nauli yangu. Mwezi ule faida sikuiona.

Oili ile haikuwa feki wala mbovu. Haikuwa ya injini ile, basi.

Tuanze na namba. Ile namba ya kwanza yenye W inaonyesha oili inavyotiririka kwenye baridi, na W ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. 5W imepimwa iweze kuwasha injini kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Jamani, Bukoba hata ukungu wa asubuhi ukishuka hatufiki huko, hata karibu. Kwa hiyo anayelipia 5W kwa ajili ya gari la zamani huku kwetu analipia theluji ya watu wengine.

Namba ya pili ndiyo ya kuangalia. Hiyo ni uzito wa oili injini ikishapata moto, inapimwa kwenye nyuzi 100. Injini za zamani zilitengenezwa na nafasi kubwa kidogo kati ya vyuma, na zikishachakaa nafasi inaongezeka. Ukiweka 30, oili inapita haraka mno, presha inashuka. 50 inabaki nzito. Ndiyo maana vitabu vingi vya magari ya miaka ya 1970 vinataja 20W-50.

Ila usigeuze hii kuwa dawa ya kila gari. Mwenye IST akikwambia gari lake "limezeeka kidogo", usimpe 20W-50. Injini ile njia zake za oili ni nyembamba na kitabu chake kinataja oili nyepesi kama 5W-30. Zamani ninayoisema hapa ni Land Rover zile, Peugeot 504, Volkswagen mgongo wa kobe.

Halafu kuna herufi za API mgongoni mwa galoni. Zinazoanza na S ni za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. Herufi ya pili ikisogea mbele, oili ni mpya zaidi: SP ilikuja 2020, na SA haifai injini nyingi za baada ya 1930. Ukikuta galoni ya bei chee imeandikwa SA au SB, iache hapo hapo.

Lakini mpya siyo lazima iwe bora kwa gari kuukuu, na hapa hata mafundi wanabishana. Oili nyepesi za kisasa zimepunguziwa zinki na fosforasi ili zisiharibu kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye egzosi. Peugeot 504 na ile mgongo wa kobe hazikuundwa na kifaa hicho, na kamshafti yake inasuguana na tapeti chuma kwa chuma. Zinki ndiyo inazilinda. 20W-50 nyingi hazibanwi na kikomo hicho, ni sababu nyingine ya kuzipendelea.

Kiasi pia uliza. Land Rover ile inakula kama lita saba pamoja na filta. Mgongo wa kobe ni lita mbili na nusu tu, na filta haina, ina chujio la waya, kwa hiyo oili yake inachafuka mapema. Ukimuuzia galoni ya lita nne, mwambie ukweli kwamba itabaki. Atakuamini kwa mengine.

Feki nazo zipo. Mi naangalia alama ya TBS, sili ya kifuniko, na nadai risiti kwa ninayemnunulia. Fundi akimaliza kumwaga oili namwomba atoboe galoni tupu, maana kuna watu wanazikusanya, na unajua hazinunuliwi kwa kuhifadhia maji.

Siku hizi tangazo langu linaanza na namba kubwa, 20W-50, kisha picha ya mgongo wa galoni, siyo ya mbele peke yake. Mtu akiuliza bei, namuuliza kwanza: gari gani, la mwaka gani, petroli au dizeli, ulikuwa unaweka oili gani, inavuja? Wengine wanakasirika na kuondoka. Sawa tu. Anayesema hajui alichokuwa anaweka, namwomba apige picha kopo la zamani au anipe fundi wake niongee naye.

Yule mzee bado ni mteja wangu. Taa haiwaki tena, ila sili ya nyuma inadondosha kidogo. Nilimwambia wazi kwamba hakuna oili ya kuponya sili, mpaka fundi aifungue. Anasema atafungua akishauza kahawa. Kwa sasa anatembea na lita moja ya akiba chini ya kiti, na hiyo nayo anainunua kwangu.