Presha kuka imepiga filimbi Tura, kinu bado kipo!

Hivi umeshawahi kutumiwa furushi na shangazi kutoka bara, ukalipokea stendi huku unaangalia kushoto na kulia kama kuna mtu anayekufahamu? Ndani hakuna jinzi wala viatu. Kuna majani makavu yaliyosinyaa, michembe kilo kadhaa na karanga ambazo hazijabanguliwa. Masela wakikuona nalo utawasikia tu: "Vipi mshikaji, unafungua duka la dawa za kienyeji?"

Wacheke. Furushi langu huwa linatoka Tura, na kila likifika, geto linajaa watu ambao sikuwaalika. Ila leo sitaki kujisifia mapishi tu. Nataka tuongee kuhusu safari ya pili, ile ya kurudisha zawadi. Shangazi amekutumia chakula, wewe wa mjini unamtumia nini jikoni kwake? Maana hapo ndipo vijana wengi tunapotupa hela.

Kwa msiopajua, Tura ni stesheni ya reli ya kati, mkoani Tabora, wilaya ya Uyui. Ukitoka Itigi unakula pori kwelikweli, halafu ndiyo unaanza kuingia Unyamwezi. Zamani misafara iliyotoka pwani ililivuka pori hilo kwa miguu. Waliliita Mgunda Mkali, na maji yalikuwa ya shida. Mwingereza Richard Burton alipita hapo mwaka 1857 akielekea Kazeh, yaani Tabora ya leo, akaandika kwamba jina la Tura maana yake ni kutua mzigo. Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na mapagazi wakapumzika, lakini jina likabaki. Na mtu aliyetoka kutua mzigo, bwana, hataki mapambo kwenye sahani. Anataka ugali wa moto na kitu cha kuusindikiza kooni.

Kitu chenyewe ni nsansa. Ni majani ya kunde, yanachumwa yakiwa bado machanga, yanachemshwa kidogo kisha yanaanikwa. Shangazi hufanya kazi hiyo mvua zinapoelekea kukatika, ili mboga iwepo wakati wa kiangazi ambapo bustani zote zimegeuka vumbi. Siku hizi wanaojua wanaanika kivulini penye upepo, au wanafunika kwa kitambaa, kwa sababu jua kali la moja kwa moja linaua vitamini A. Na mchanga haupati nafasi. Ukishakula nsansa yenye mchanga utaelewa kwa nini nimelitaja hilo.

Kupika si kazi. Unairoweka kwenye maji ya vuguvugu, unaiosha mara mbili tatu, unaichemsha mpaka ilainike. Karanga unazikaanga kidogo, unazitwanga, unazikoroga na maji pembeni, ndipo unamimina. Kuanzia hapo moto uwe wa chini na mwiko usitoke mkononi, kwani karanga zinashika chini ya sufuria haraka kuliko maziwa. Ukiona mafuta yameanza kuelea juu, ipua. Hakuna haja ya kuongeza mafuta ya kupikia, karibu nusu ya karanga yenyewe ni mafuta.

Dada mmoja wa Tabora mjini, mpishi wa shughuli anayejua kazi yake, aliniambia kifaa cha kwanza cha mboga hii siyo kinu wala blenda. Ni ungo! Nikadhani ananitania. "We mdogo wangu," akasema, "karanga usiyoichagua usiitwange." Ana haki. Karanga iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi au yenye uchungu mdomoni inaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, safari ile ilikuwa kwenye mahindi. Ukishatwanga huwezi tena kuziona mbovu, zimeshachanganyika. Kwa hiyo kaa chini, weka redio, chambua. Na zile mbovu usimpe kuku ukidhani umeokoa hasara.

Sasa tuje kwenye blenda, kipenzi cha vijana.

Jirani yake shangazi ana mtoto anayefanya kazi Dar. Kijana akapata mshiko, akamtumia mama yake blenda, ile ya kung'aa yenye vitufe vingi. Ukienda nyumbani kwa mama huyo utaikuta kabatini sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, inaonyeshwa kwa wageni kama picha ya harusi. Nyumba ina sola ya kuwashia taa na kuchaji simu. Blenda inataka umeme mwingi zaidi ya hapo. Mama mwenyewe hasemi kitu, anamsifia mwanawe, halafu anaenda uani kutwanga.

Hata penye umeme, blenda nyingi za kawaida zimetengenezwa kwa ajili ya vitu vyenye majimaji. Karanga kavu ukizirundika humo, mota inachemka na visu vinazunguka bure chini huku juu hakuna kinachosogea. Kama unaishi ghorofani na kinu kitakugombanisha na jirani wa chini, tumia kile kikombe kidogo cha kusagia vitu vikavu kinachokuja na baadhi ya blenda. Saga kidogokidogo, pumzisha. Zikigeuka siagi usitupe, zitayeyuka tu kwenye maji ya mboga. Lakini kwa Tura, kinu na mchi havina mpinzani. Havina fundi, havina spea, na kazi wanapokezana wawili huku umbea unaendelea.

Mimi shangazi nilimpelekea presha kuka. Siyo ya umeme, ile ya kawaida ya kuweka jikoni.

Nilichagua hivyo kwa sababu ya maharage. Sikiliza hii, maana shuleni tulifundishwa tukasahau. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100 ukiwa pwani. Ukipanda juu, yanachemka mapema zaidi kabla hayajapata joto lile. Tabora ipo karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96 tu. Yanatokota, mvuke unatoka, unadhani kazi inakwenda, kumbe maharage yanaoga. Ndiyo maana sufuria ya maharage ya Tabora inakula kuni kuliko ya Dar. Presha kuka inauziba mvuke, na joto ndani linapanda hadi kukaribia nyuzi 120. Wazo lenyewe ni la zamani, Mfaransa Denis Papin alilionyesha kule London mwaka 1679.

Basi bwana, siku ya kwanza shangazi aliiangalia kama bomu.

"Shikamoo shangazi, nimekuletea sufuria."

"Marahaba baba. Sufuria gani hii ina kufuli?"

Tukaiweka kwenye moto. Ilipopiga filimbi, watoto wawili walikimbia nje kuangalia treni! Shangazi alicheka mpaka khanga ikamwanguka. Maharage yaliyolazwa kwenye maji usiku kucha yakaiva ndani ya nusu saa, wakati kwa kawaida huanza nayo asubuhi na kuyaipua baada ya adhuhuri. Alichosema baadaye ndicho kilichonigusa. Hakuzungumzia utamu wala muda. Alisema, "Leo macho hayajaniwasha."

Ukinunua, zingatia machache. Maharage yasizidi nusu ya chungu chake pamoja na maji, kwa sababu yanavimba na kutoa povu. Angalia ule mpira wa mfuniko, ukishapasuka mvuke unatoroka na umebaki na sufuria nzito tu, hivyo nunua na wa akiba kabisa. Safisha tundu la mvuke kila mara. Usilazimishe mfuniko kabla presha haijashuka, hapo ndipo watu wanapoungua. Na mboga ya karanga usiipike humo, kwani rojo lake linaziba tundu. Chemsha majani kama unataka, karanga zipikie kwenye sufuria ya wazi.

Kaka mmoja wa Ubungo, kidume anayepika kuliko dada zake na wala hafichi, yeye ana presha kuka ya umeme. Anasema maharage yake yanakula umeme chini ya yuniti moja. Sikumbishia, maana chungu chake kinatunza joto na kinajizima chenyewe. Kwa mtu wa geto lenye luku yake hicho ndicho kifaa cha kwanza kununua, kabla ya friji na kabla ya hotipoti zile tatu za maua.

Kama huna hela ya presha kuka ya aina yoyote, lipo jambo la kikapu. Tafuta kikapu kikubwa au boksi, shindilia majani makavu au matambara pande zote, acha shimo la sufuria katikati. Maharage yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu dakika 20, funika, zika humo, weka mto juu. Baada ya masaa matatu manne yamelainika bila moto. Ila ile dakika 20 usiipunguze. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu yake ya asili ambayo joto la uvuguvugu haliiondoi, lazima yachemke kwelikweli kwanza, na ukiyatoa uyachemshe tena kabla ya kula. Wali unakaa vizuri sana humo pia.

Jiko la mkaa lenye udongo wa kuchoma ndani nalo ni la kuchukua, lile ambalo wenzetu wa Kenya walilisambaza sana miaka ya 1980 na likaja huku. Linatunza joto, mkaa unapungua. Lile la bati tupu linapasha joto miguu yako na ya paka.

Mkaa wenyewe tunaununua kwa kopo bila kuuliza umetoka wapi. Mwingi unatoka kwenye miombo, msitu uleule unaotupa asali ya Tabora na uyoga wa masika. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo ni kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Sawa. Lakini mtungi wa gesi ukiisha Sinza unatuma bodaboda, vijijini kujaza ni safari. Ndiyo maana nasema hela yako iwekeze kwanza kwenye kitu kinachopunguza moto, uwe wa kuni, wa mkaa au wa gesi. Kinachopiga kelele kitafuata baadaye.

Nisisahau michembe. Hivi ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kukaushwa. Vikichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, tunaviita matobolwa, na hivyo unatafuna hivihivi kama peremende. Michembe unailoweka, unaichemsha mpaka ilainike, halafu unaiponda kidogo na karanga. Yule kaka wa Ubungo anaipika mwisho wa mwezi, ukata ukipamba moto, na chai ya rangi pembeni. Siku moja aliwapa wageni wake bila kuwaambia ni nini. Mmoja akauliza kama ni keki. Wakamaliza sahani, sasa wanamuuliza furushi linakuja lini.

Ugomvi uliobaki ni wa nyanya. Shangazi anasema nyanya kwenye nsansa ni kuiharibu, nyanya ni za nyama. Dada wa Tabora anaweka kitunguu tu. Kaka wa Ubungo anaweka nyanya mbili na pilipili mbuzi. Mimi wageni wakija naweka moja. Nikiwa peke yangu, siweki.